Sauti ya Muuza Nyanya

Kazi yangu ilikuwa kuzipa filamu majina yao. Watu wa kanisani waliponiuliza ninafanya nini, niliwajibu kwamba niko ofisini, kwa sababu jibu la kweli lilihitaji kikombe cha chai na mtu mwenye subira. Sasa nimestaafu, chai ninayo na subira imebidi niwe nayo, na ninyi mliobaki kwenye maktaba ya filamu mmeniomba zaidi ya mara moja niwaandikie tulivyoanza. Wewe Shiro, unayeketi sasa kwenye meza yangu, ndiye uliyeomba sana. Basi nitaandika ninayoyakumbuka. Vyeo na mshahara nitaviruka, maana sikumbuki siku hata moja ambayo vilinifanya nisahau kula.

Maktaba mnaijua ilivyo sasa. Nilipoingia mimi, ilikuwa chumba kimoja ndani ya jumba la kijamii la Makongeni, nyuma ya zile nyumba za reli nilikozaliwa na ambako baba yangu, karani wa reli, alitulea kwa Kikamba ndani ya nyumba na Kiswahili nje ya mlango. Rafu zilijaa kanda za video. Vijana wa Eastlands waliotengeneza filamu zao walituachia nakala, shule zilileta michezo yao ya kuigiza, watu wa kilimo walileta mafunzo ya ufugaji, na filamu chache za nje tulipewa kwa ruhusa. Mtu alikuja, akachagua, akaketi kwenye kijumba cha mbao chenye skrini, akavaa hedifoni na kusahau shida zake kidogo.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mzee Githinji. Alikuwa mtu wa Murang'a, mfupi, koti lake limefungwa vifungo vyote hata wakati wa jua kali. Ujana wake aliupitisha akizunguka na gari la sinema, enzi ambazo mtaa mzima ulibeba viti na kutoka kutazama picha kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa uwanjani. Hakuniuliza vyeti. Alinipa kanda isiyo na karatasi ubavuni akaniambia nikaitazame, halafu nije nimwambie ni nini.

Nilitazama, nikarudi, nikamwambia kwamba ni sinema ya mapenzi, kijana anamtaka binti wa tajiri.

"Sijakuuliza inahusu nini," akasema. "Nimekuuliza ni nini."

Hapo ndipo nilipoanza kufundishwa kazi. Mzee alinirudisha kwenye skrini, akaniambia nitazame kwa macho ya mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye umati. Wanazungumza lugha gani? Suruali zao ni pana au nyembamba? Magari yana namba za herufi gani? Nani ametajwa mwisho, yale majina yanayopanda haraka wakati watu tayari wanatafuta viatu vyao? Na urefu: mzee alipenda sana kuuliza urefu. Aliniambia kwamba jina lililoandikwa nje ya kanda ni uvumi tu mpaka uliyoyaona ndani yalithibitishe. Kwa miaka mingi nililala nikiwa na hakika kwamba kila kilichokuwa kwenye rafu zetu ndicho kilichosemwa kuwa. Si watu wengi wanaoweza kusema hivyo kuhusu kabati zao.

Kisha kanda zikageuka sahani za DVD, sahani zikageuka faili, na Otieno akaja. Alikuwa kijana wa Kariobangi aliyesomea kompyuta, mwenye mikono myepesi na moyo mzuri, na tangu asubuhi ya kwanza aliniita mathe, yaani mama. Alitufungia programu ya maktaba. Alituelezea kwa Sheng, nami nikamfasiria Mzee. Unaweka faili ndani ya folda. Programu inasoma jina la faili, inakwenda mtandaoni kuuliza kama kuna filamu yenye jina hilo, kisha inarudi na mzigo: picha ya jalada, mwaka, mwongozaji, waigizaji, na muhtasari wa hadithi. Kazi iliyotuchukua wiki nzima ilimalizika chai ikiwa bado moto. Otieno aliita jambo hilo kumechi, nasi tukaliita hivyo hivyo, hata Mzee, ingawa kinywani mwake lilitoka kama jina la dawa.

Shida ya programu ile ni kwamba inafanana na jirani asiyeweza kusema sijui. Ikikosa jibu, inakisia. Filamu ya mafunzo kuhusu kupe wa ng'ombe, ambayo faili yake iliitwa Kupe tu, ilirudi na jalada la magari ya mashindano ya Ulaya, maana huko kupe ni aina ya gari. Mchezo wa kuigiza wa shule moja ya msingi ulipewa jalada la mwanamke aliyejifunga taulo, na mwalimu mkuu alikuwa tayari ameshuka kwenye kituo cha matatu anakuja kuutazama. Otieno alikimbilia kompyuta, mimi nikakimbilia mlangoni nikamsalimia mwalimu kwa kirefu, nikamuuliza habari za kila mtu hadi za mifugo.

Nawaambia hivi ili msiache kuangalia. Jina la faili liwe jina kamili la filamu, na mwaka wake uwe kando ndani ya mabano, maana majina yanagongana lakini jina na mwaka pamoja hugongana mara chache. Filamu zetu nyingi hazimo kabisa kwenye orodha za mtandaoni, na wahenga walishasema asiyekuwepo na lake halipo. Programu ikikosa ya kwetu itachukua ya wenzetu. Basi andikeni wenyewe, kwa mkono. Na mkimaliza, bonyezeni kile kikufuli kidogo kilicho kando ya kila mstari. Msipofunga, programu itakapojisasisha itafuta maneno yenu na kurudisha uvumi wake. Otieno alizoea kusema kwamba mtandao hauna adabu, unaingia bila hodi.

Sasa nifike kwa Mama Nzula.

Alikuja asubuhi moja akiwa bado na aproni ya sokoni. Aliuza nyanya Huruma, na alikuwa amemwachia jirani meza yake. Alimwambia Otieno kwamba anatafuta filamu inayoitwa Rozalia. Otieno akaitafuta, akaipata mara moja, akamketisha kwenye kijumba na kumvalisha hedifoni. Muda si muda mama akatoka.

"Hii ina masista na theluji," akasema. "Mtoto wangu hakuwahi kuona theluji."

Aliposikia Otieno akiniita, na aliposikia ninavyojibu kwa lafudhi ya kwetu, alibadili lugha akaniongelesha Kikamba, na hapo akapata nafasi ya kueleza. Bintiye, Nzula, aliwahi kuigiza kwenye filamu iliyopigwa Kariobangi, sehemu ndogo tu, siku chache kisha akarudi kwenye shughuli zake. Filamu ilitoka, ikauzwauzwa, ikapotea. Halafu Nzula akaugua, akafariki. Kulikuwa na simu iliyobeba ujumbe wake wa sauti, ikaibwa sokoni. Mama alikuwa ameuliza kwenye maduka ya filamu kuanzia Huruma hadi mjini, na kila alikouliza walimpa wale wale masista.

"Picha ninazo ukutani," akaniambia. "Sauti ndiyo imenitoka. Najaribu kuisikia, nasikia yangu."

Otieno alimweleza ukweli kama alivyouona kwenye skrini: Rozalia ilikuwa moja tu. Mama Nzula akashukuru, akaniachia namba ya simu, akakaza fundo la leso yake, akaenda zake. Hakubishana, na kama angebishana labda ningeweza kula chakula changu cha mchana. Nilikifungua, nikakifunika.

Mzee Githinji aliona. Aliniuliza kulikoni, nikamsimulia. Akavuta kiti hadi kwa Otieno, akaomba aonyeshwe huyo Rozalia mwenye theluji. Chini ya jalada lenye sura ya sista palikuwa na maandishi madogo yasemayo kwamba filamu ina matoleo mawili. Hilo halikuwa jambo geni. Mara nyingi tulikuwa na nakala nzito na nakala nyepesi ya filamu moja, na programu iliziweka chini ya jalada moja ili zisitujazie ukurasa. Anayebonyeza huchezewa ile nzito.

"Urefu?" Mzee akauliza.

Otieno akafungua kuangalia. Toleo la kwanza lilikaribia saa mbili. La pili halikufika hata saa moja na nusu.

"Sinema moja haina vimo viwili," Mzee akasema.

Otieno akatuambia jambo lililonitoa jasho. Diski zetu zilikuwa zimejaa, na ofisi ilikuwa imemwagiza aondoe nakala zote zilizojirudia wiki ile ile. Programu yenyewe ilikuwa imeshamchagulia: kubwa ibaki, ndogo ifutwe. Rozalia ndogo ilikuwa miongoni mwa zilizosubiri kufutwa.

Akaibonyeza. Kwanza vumbi, halafu mabati, halafu mlio wa nyundo juu ya chuma, na msichana anakokota cherehani kwenye mkokoteni akipita kati ya karakana za mafundi wa jua kali. Otieno akasogeza uso karibu na skrini. Akasema pole pole kwamba huo ulikuwa mtaa wao, na huyo wa kando mwenye kofia ni baba ya rafiki yake.

Mwaka ulikuwa umekosekana kwenye jina la faili, basi. Neno moja tu, jina la msichana, na ng'ambo kulikuwa na filamu yenye jina hilo hilo, ya zamani na maarufu kidogo. Programu ikaona Rozalia na Rozalia, ikawalaza kitanda kimoja, mkubwa akamfunika mdogo. Otieno akazitenganisha. Nami nikampigia Mama Nzula simu.

Alifika alasiri ile ile. Tulimweka kwenye kijumba, na kwa kuwa mlango wake haufungi vizuri, sote watatu tulijifanya tuna kazi karibu na hapo. Nzula alitokea katikati ya filamu. Alikuwa nyuma ya meza ya nyanya, kitambaa chekundu kichwani, na mchumba wa Rozalia, mwanamume mjivuni, alikuwa akichagua nyanya huku akizibonyeza moja moja kwa kidole gumba. Nzula akamtolea maneno. Mwanamume akarudisha nyanya, akaondoka ameinamisha kichwa.

Mama Nzula alivua hedifoni taratibu, akaziweka mezani.

"Ni yeye," akasema. "Lakini huyu anayeongea simjui."

Nikazivaa mimi. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyezoea kusoma matangazo, safi, kila silabi imepigwa pasi: Kaka, naomba usiguse bidhaa zangu. Lakini mdomo wa Nzula haukuwa unasema hayo. Ulisema maneno mengi zaidi, kwa kasi, na mimi niliyekua nikimtazama mama yangu akiongea Kikamba nikiwa upande wa pili wa chumba, niliona wazi kwamba ule ulikuwa mdomo wa Kikamba. Sauti ilikuwa imepandikizwa juu.

Mama aliketi pale kwa muda, mikono ndani ya aproni. Tulikuwa tumemrudishia nusu ya mtoto, na nusu hiyo ikamuuma kuliko alivyokuja bila kitu. Nilimwambia anipe muda. Sikuwa na msingi wowote wa kusema hivyo.

Mwongozaji wa filamu tulimpata kwa simu, alikuwa amehamia Mombasa. Alikuwa mpole sana. Alieleza kwamba alipiga filamu kwa Kikamba, na aliyetaka kuisambaza akasema Nairobi haitauzika hivyo, basi wakaita watu wa studio wakaingiza Kiswahili. Kuhusu Nzula, alisema alimkumbuka, alikuwa na maneno mdomoni. Sauti za mwanzo, kama zingali zipo, zingekuwa kwenye ile diski aliyotuletea alipohama, na alituruhusu tufanye tutakavyo.

Diski ilikuwa kabatini kwetu, chini ya nyaya. Ndani yake tukakuta folda ya sauti tupu, bila picha, faili baada ya faili zikiwa na namba tu badala ya majina. Watu wakikohoa, upepo, mwongozaji akisema warudie, pikipiki, jogoo. Tukagawana. Mimi nilisikiliza maneno ya Kikamba, na Otieno, ambaye kwao ni Siaya na Kikamba hakijui, alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Tulishinda hivyo siku baada ya siku, kati ya kazi nyingine. Nilisikia wanawake wengi wa soko, na kila mmoja nilidhani ndiye, kwa kuwa sikuwahi kumsikia Nzula akiongea maishani mwangu.

Ni Mzee aliyetuona tunavyochoka.

"Mnatafuta msichana ambaye hamjui sauti yake," akasema. "Tafuteni nyundo."

Akaturudisha kwenye picha. Nyuma ya Nzula, mbali kidogo, fundi mmoja alikuwa akifua sufuria. Anagonga kwa haraka, anainyanyua na kuikagua kwenye mwanga, halafu anagonga tena mara moja kwa nguvu kana kwamba imemtukana. Kipaza sauti chochote kilichokuwa pale kingeubeba mlio huo.

Otieno ndiye aliyeupata. Kwa vile maneno hayakumvuta, masikio yake yalikuwa huru kusikia chuma. Alininyooshea kidole, akachukua ile faili akaiweka chini ya picha na kuanza kuisogeza kidogo kidogo, mbele, nyuma, mpaka nyundo iliyoonekana na nyundo iliyosikika zikatua pamoja. Kisha tukaiacha icheze. Nzula akafungua mdomo na neno likatoka kwa wakati wake.

Katika miaka yangu yote ya kumechi sijawahi kupata jambo la kulinganisha na hilo. Filamu ikipata jalada lake unafurahi kama mtu aliyepata kifungo cha shati. Ile ilikuwa kumwona mtu akirudi ndani ya mwili wake. Otieno aliniuliza anasema nini. Nilimwambia, akacheka, kisha akaenda kusimama dirishani.

Akaiweka ile sauti kama njia ya pili ndani ya filamu, ili anayetazama achague Kiswahili au Kikamba. Nami nikampigia Mama Nzula tena. Sikumwambia atasikia nini. Niliogopa kwamba nimekosea, kwamba labda hata hiyo ilikuwa sauti ya mtu mwingine.

Alivaa hedifoni akakaa wima, kama yuko mbele ya daktari. Nilisimama mahali ningeweza kuuona uso wake. Mchumba wa Rozalia akafika mezani, akaanza kubonyeza nyanya. Na Nzula akamwambia, kwa Kikamba, sauti nzito kuliko nilivyotarajia na yenye mkwaruzo kidogo: hiyo nyanya si kengele ya mlango, acha kuibonyeza, ndani hakuna mtu wa kukufungulia.

Mama Nzula alicheka. Alicheka kwa sauti, mtu wa kijumba cha pili akachungulia. Kisha akashika aproni akajifunika uso nayo, na mabega yakaendelea kutikisika kwa muda mrefu, na sikuweza kujua ni wakati gani kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Hayo ni maneno yangu," akasema alipojifunua. "Kila anayebonyeza nyanya zangu namwambia hivyo, tangu Nzula akiwa mgongoni. Yeye hakupewa hayo. Aliyatoa nyumbani."

Nilimuuliza kama ameisikia. Akasema ameisikia, na kwamba ni yeye, si sauti yake mwenyewe mama, ni ya Nzula kabisa, na kwamba alikuwa amesahau ule mkwaruzo. Alikuwa anaupata kila msimu wa baridi wa mwezi wa saba.

Mwisho wa filamu, kwenye yale majina yanayopanda, palikuwa pameandikwa Muuza Nyanya, na mbele yake hapana jina. Nilimwita mama mezani kwangu, nikamwomba jina kamili. Akanitajia, Nzula Mwende, akasimama nyuma ya bega langu akinitazama nikiandika herufi kwa herufi kwenye mstari wa waigizaji. Nilipomaliza nikamwonyesha kile kikufuli, nikamweleza kazi yake. Akaomba akibonyeze yeye. Kidole chake kilikuwa na rangi ya kijani ya majani ya nyanya, na alibonyeza kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Baada ya hapo alikuja kila soko lilipomruhusu. Hakutazama filamu nzima, alijua mahali. Alituletea nyanya, na Mzee Githinji alizipokea kwa viganja viwili, kwa heshima, bila kuzigusa kwa vidole. Kisha ziara zikapungua. Nilikutana naye Huruma siku moja nikamuuliza kama tumemkosea. Akacheka, akasema hapana, ni kwamba sasa anamsikia akiwa mezani, wateja wakianza kubonyeza. Hahitaji tena kupanda magari mawili.

Nilifurahi, nikarudi nyumbani na huzuni ambayo sikuielewa. Nadhani nilikuwa nimezoea kuona ule mlango wa kijumba ukifunguka na mtu akitoka akiwa na uso mwepesi kuliko alioingia nao.

Mambo yalipoanza kuondoka, yaliondoka kwa adabu. Mzee Githinji alirudi Murang'a magoti yalipomkatalia ngazi. Tulizungumza kwa simu, na kila mara aliniuliza kuna nini kipya, nami nilimsomea majina. Siku moja simu ilipokelewa na binti yake. Otieno alipata kazi kubwa zaidi upande wa Westlands, na akaja kuniaga akiwa amevaa viatu vinavyong'aa. Alinikumbatia mbele ya wageni, jambo ambalo vijana wa Kariobangi hawalifanyi hovyo. Kisha mkaja ninyi, na wewe Shiro ukajifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Nasema hivyo bila kukupaka mafuta.

Nyumbani nina televisheni ambayo mwanangu Mutua alininunulia. Inanijua, anasema, itanichagulia. Inanichagulia kweli, na mimi naketi mbele yake nikitazama suruali za watu na namba za magari, nikisubiri majina ya mwisho ambayo siku hizi hukatwa kabla hayajapanda. Ninayoyakosa si makubwa. Nakosa mngurumo wa ile mashine ya diski asubuhi kabla watu hawajaingia. Nakosa faili mpya isiyo na jina, zile dakika za kwanza ambapo bado inaweza kuwa kitu chochote. Namkosa mtu wa kuniuliza urefu.

Utakumbuka, Shiro, kwamba nilikupigia simu majuzi. Nilikuuliza kuhusu zile filamu za tamasha la shule, kama diski zilifika salama. Nilijua zimefika. Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi nikitafuta swali linaloweza kubeba simu, na hilo ndilo nililolipata. Nilijua pia kwamba faili za shule huwa zimeandikwa vibaya kuliko zote, na nilikuwa nimeshaweka sweta na mkoba wangu kwenye kiti cha karibu na mlango, kama ungesema kuna hata moja iliyokusumbua.

"Tumezipanga zote, mama," ukaniambia. "Hakuna iliyotushinda. Ulitufundisha vizuri."

Nilikuambia Mungu awabariki, na nilimaanisha. Kisha nikakaa pale na simu mkononi, nikitamani ungenidanganya kidogo.